Panga kwanza saa ya kufika

Maswali haya yametoka kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi, na kwa wengine wanaojiandaa kuja huku Kusini. Yote yanamhusu mwanamke anayesafiri peke yake. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

SWALI: Nimepangiwa kazi ya ualimu wilaya ya Tandahimba. Natokea Dar es Salaam, Kusini sijawahi kufika na ndugu sina huko. Naona basi la usiku linanifaa: nalala njiani, asubuhi nipo. Mama hataki hata kulisikia. Nimsikilize?

JIBU: Msikilize, mdogo wetu, ingawa sababu yetu huenda si ile ya mama. Wazazi wengi huogopa barabara. Sisi tunaogopa zaidi saa ya kushuka.

Piga hesabu. Dar hadi Mtwara mjini ni kama kilomita 560, na basi hutumia saa 9 hadi 11 kutegemea vituo na foleni ya mizani. Basi la saa 12 asubuhi litakushusha kati ya saa 9 alasiri na saa 11 jioni. Maduka yako wazi, bajaji zimejaa, mtu wa mapokezi gesti yuko macho. Basi la saa 1 usiku litakushusha kati ya saa 10 na saa 12 alfajiri. Stendi saa hizo ina mlinzi, wapiga debe waliokesha na bodaboda wawili watatu, na wewe una begi la kuhamia kazini ambalo huwezi kukimbia nalo. Magari ya kwenda Tandahimba kupitia Nanyamba hayajaanza kuita abiria. Saa mbili hizo za kusubiri ndizo zinazowaumiza wanawake kuliko zile za barabarani. Mabasi ya usiku yaliruhusiwa tena mwaka 2023 baada ya kuzuiwa kwa miaka mingi, na wasafiri wengi bado wanaangalia saa ya kuondoka tu.

Kwa hiyo ipange safari kwa kurudi nyuma. Mtwara iko mashariki kabisa mwa nchi na jua lake huwahi kuzama: Juni na Julai linazama karibu na saa 12 jioni, nusu saa baadaye ni giza. Weka lengo la kuwa ndani ya chumba saa 11 jioni. Toa saa 11 za safari, toa na saa moja ya pancha au matengenezo. Unabaki na basi la saa 11 alfajiri, au la saa 12 kwa kuchelewa kabisa. La saa 3 asubuhi liache, hata likiwa jipya na lina kiyoyozi. Ukifika Mtwara saa 10 jioni usiunganishe Tandahimba siku hiyo hiyo. Lala mjini, uondoke asubuhi. Na siku mbili kabla ya safari mpigie mkuu wa shule yako mpya, umuulize walimu wageni hulala gesti ipi na hushukia wapi. Swali hilo moja linakupa jina la nyumba, jina la kituo, na mtu anayejua kwamba unakuja.

Wanaokwenda Masasi, Nachingwea au Ruangwa wana mtego wao: njia panda ya Mnazi Mmoja, pale Mingoyo, ambapo barabara ya Masasi inaachana na ya Mtwara. Basi la Mtwara litakubali kukubeba na kukushusha hapo. Mchana hakuna neno, magari yanapita. Usiku utabaki barabarani na begi. Kata tiketi ya basi linalofika hadi mwisho wa safari yako, hata kama linapita siku fulani tu.

Ikibidi usiku, mwombe konda ubaki ndani ya basi hadi kupambazuke. Si ombi geni, wengi hukubali. Akikataa, kaa mbele ya ofisi ya tiketi yenye taa, karibu na akina mama wanaosubiri, na usitoke getini hadi uone daladala zinaanza.

Kuhusu siti: watu hupenda dirishani, sisi tunapendekeza ya njiani, mstari wa pili hadi wa tano, ambapo konda anakuona na unaweza kusimama bila kuomba ruhusa ya mtu. Unapokata tiketi mwambie wakala waziwazi, "Niweke karibu na mwanamke." Majina anayo kwenye mchoro wa siti. Jua nalo lina upande wake: ukitoka Dar kwenda Kusini, asubuhi linapiga kushoto na alasiri linapiga kulia, ukirudi ni kinyume chake.

Ukija wakati wa mvua kubwa, beba chakula cha siku nzima zaidi na fedha taslimu ya kulala usiku mmoja usioutarajia. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, barabara hii ilikatika wilayani Kilwa na abiria wakakwama njiani.

SWALI: Naona aibu kuuliza. Basi likisimama porini watu wakachimbe dawa, sisi wanawake tunafanyaje? Mimi huwa sinywi maji kabisa tangu jana yake, na nikifika kichwa kinauma na mkojo unachoma.

JIBU: Aibu ya nini, dada? Kujikausha maji ndiko kunakokuletea hayo. Mkojo mchache na mzito unaokaa muda mrefu kwenye kibofu huwapa vijidudu nafasi ya kuzaliana, na kwa mwanamke njia ya mkojo ni fupi, huingia kirahisi. Kuchoma kukiendelea siku mbili baada ya kufika, au ukipata homa na maumivu ya kiuno, nenda kituo cha afya upimwe mkojo. Usinunue dawa kwa kukisia.

Kunywa nusu lita ya maji unapoamka, uende haja kabla ya kupanda, kisha kunywa funda mbili tatu kila nusu saa. Ukipiga maji mengi kwa mkupuo ndipo kibofu kinajaa ghafla. Chai na kahawa ziache hadi ufike, kwani huongeza haja. Ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vinavyouzwa njiani, ni mitamu lakini ni mikavu. Ukiila, kunywa maji, si soda.

Mabasi mengi hupumzika Nangurukuru, wilayani Kilwa, na hapo kuna vyoo vya kulipia. Weka sarafu za shilingi 200 na 500 kwenye mfuko wa nje, maana chenji haipatikani na foleni ya wanawake ndiyo ndefu. Shuka wa kwanza, chakula baadaye.

Porini, vaa dera au sketi pana, au funga kanga juu ya suruali kabla hujashuka. Ukichuchumaa kanga ndiyo ukuta wako. Fuata upande walikokwenda wanawake wengine, muwe wawili watatu. Usijifiche nyuma ya basi: ndiko linakorudi nyuma na ndiko magari yanakopita. Chagua mahali palipo wazi, pasipo majani marefu. Kuanzia Juni hadi Oktoba upupu umekauka, na vinyweleo vyake vikigusa ngozi ya siri utalia njia nzima. Ukiguswa usikune: bandika selotepu na kuibandua mara kadhaa ili vinyweleo vitoke, ndipo uoshe kwa maji na sabuni.

Kwa walio kwenye hedhi: pedi hubadilishwa kila saa 4 hadi 6, kwa hiyo safari hii inataka kubadilisha mara mbili. Beba pedi nne, mifuko midogo ya plastiki ya kufungia zilizotumika, chupi moja ya akiba na kitambaa chenye maji ndani ya mfuko unaofungika. Viweke kwenye mkoba wa mapajani. Ukiviacha kwenye begi la buti, buti halifunguliwi hadi mwisho wa safari.

SWALI: Nilikaa na mwanaume aliyejifanya amelala, akawa ananiegemea na mkono unashuka pajani. Nilinyamaza Nangurukuru hadi Lindi. Ningefanya nini?

JIBU: Kunyamaza hakukuwa kosa lako. Mtu akishtuka hukosa sauti, na aliyekushika ndiye mwenye kosa. Ila sauti inaweza kuandaliwa kabla ya safari, kama unavyoandaa nauli.

Mara ya kwanza, uondoe mkono na useme kwa sauti ya kawaida: "Kaka, toa mkono." Usianze na samahani. Weka mkoba katikati yenu. Mara ya pili usiongee naye tena. Simama, useme kwa sauti ya kufika mbele: "Konda, nibadilishie siti, huyu ananishika." Maneno machache, bila maelezo. Kwenye mabasi yetu huwa kuna mama mtu mzima asiyevumilia mambo hayo, na akishasikia neno "ananishika" hutakuwa peke yako. Ukisema "ananisumbua" watu hudhani mnagombea siti, kwa hiyo taja kitendo chenyewe.

Piga picha tiketi yako na namba ya basi. Majina ya abiria yapo kwenye orodha, hivyo mwenye siti ya jirani anajulikana. Ukifika, ripoti Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Huhitaji kuwa na jeraha ili usikilizwe. Ukiwa hatarini sasa hivi, namba ya dharura ni 112, haina malipo.

Tuliseme na hili, kwa sababu wanaolihitaji huwa hawaulizi. Mwanamke akibakwa, hospitali ni ndani ya saa 72, na kila saa inayopungua ni faida. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya muda huo na kumezwa siku 28. Za kuzuia mimba hufanya kazi zaidi zikiwahi. Asioge, asifue. Nguo aliyovaa iwekwe kwenye bahasha ya karatasi, kwa sababu kwenye mfuko wa nailoni hupata unyevu na ushahidi huharibika. Fomu ya PF3 hutolewa polisi bure. Kama hali ni mbaya aanzie hospitali, fomu ifuate. Mtwara mjini ni Ligula, Lindi ni Sokoine, na njia ya Masasi kuna hospitali za misheni za Nyangao na Ndanda.

SWALI: Bodaboda au bajaji, kipi ni salama kwa mwanamke anaposhuka stendi?

JIBU: Mchana na mzigo mdogo, vyovyote. Jioni, au ukiwa na begi, bajaji. Ina paa, unaweza kukaa katikati ya siti ya nyuma, na ukitaka kushuka unashuka pande zote mbili.

Usikubali anayekushika mkono au kukunyang'anya begi mlangoni mwa basi. Dereva wa kijiwe ana wenzake wanaomjua kwa jina. Aliyekufuata hadi ndani ya stendi hana wa kumjua. Nenda kijiweni mwenyewe, taja mahali maarufu karibu na unakokwenda, si gesti yenyewe, na mpatane nauli ukiwa bado umesimama chini. Muulize muuza duka wa stendi kwanza nauli ya kawaida ni kiasi gani. Piga picha ya namba ya chombo mbele ya dereva, bila kujificha, useme unamtumia dada yako. Dereva mwema hakasiriki. Akikasirika, hiyo ni habari ya kutosha, mwache.

Kwa pikipiki: kataa mshikaki. Wewe na dereva tu. Omba kofia ngumu, uifunge kamba ya kidevuni. Usikae upande, vaa suruali au taiti ndani ya dera ili ukae kwa kutanua miguu, na ncha za dera na mtandio uzikalie, kwa sababu zikiingia kwenye gurudumu la nyuma zinakuvuta chini kabla dereva hajajua. Panda na shuka upande wa kushoto. Ekzosi iko kulia, na alama za kuungua unazoziona kwenye mashavu ya miguu ya wanawake wengi mjini zimetoka hapo. Ukiungua, maji safi ya bomba dakika 20, bila dawa ya meno wala mafuta.

SWALI: Nikifika gesti peke yangu naulizwa, "Uko na nani?" Na nikishaingia chumbani silali kwa hofu ya mlango. Nifanye nini ili nilale?

JIBU: Swali la "uko na nani" lijibu kwa uhakika: "Niko kikazi, ndugu yangu wa hapa anakuja asubuhi kunichukua." Kisha omba kuona chumba kabla ya kulipa. Hiyo ni haki yako, na mwenye chumba kizuri hukionyesha kwa furaha.

Ukiingia, anza na mlango. Funga kwa ufunguo, uvute kwa nguvu. Kitasa kizima hakichezi. Tazama fremu mahali ulimi wa kitasa unapoingia: kama mbao imepasuka na kupakwa rangi upya, mlango huo umewahi kuvunjwa, omba kingine. Kuna komeo la ndani? Skrubu zake ni ndefu, au inaning'inia kwa misumari miwili? Kisha dirisha: nondo zipo, na hakuna iliyokatwa, vioo vinafunga, pazia linafika chini. Panda kitandani utazame juu ya ukuta. Katika nyumba za zamani dari haifiki mwisho, na chumba cha pili kinaweza kuchungulia chako. Chumba cha ghorofani au karibu na mapokezi ni bora kuliko cha mwisho wa korido karibu na mlango wa uani, hata kama kule ni kimya zaidi.

Sasa kifaa chenyewe, ambacho fundi seremala yeyote atakuchongea kwa dakika tano: kabari. Mbao ngumu, urefu sentimita 12, upana 4, mwisho mmoja unene wa sentimita 3 na mwingine umechongwa hadi bapa. Chini yake gundisha kipande cha ndala ya zamani au mpira wa tairi. Bila mpira, kabari huteleza kwenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa au vigae, na mlango unafunguka nayo. Isukume chini ya mlango, upande wa kitasa, si upande wa bawaba, kisha uigonge kwa kisigino cha kiatu. Mtu akisukuma kutoka nje ndivyo inavyozidi kukaza. Kabari hufanya kazi kwa mlango unaofungukia ndani tu. Kama wako unafungukia nje, funga kamba imara ya katani kutoka kwenye mkono wa kitasa hadi kwenye nondo ya dirisha au mguu wa kitanda, kwa fundo unaloweza kulifungua gizani. Jaribu kuiondoa kabari ukiwa umezima taa: moto ukitokea lazima utoke kwa sekunde chache.

Ufunguo wa akiba huwa mapokezi. Kwa vitasa vya ufunguo mkubwa wa zamani, acha ufunguo wako ndani ya tundu ukiwa umezungushwa robo, wa nje hautaingia. Milango ya kufuli la nje inataka kufuli lako mwenyewe. Beba moja dogo la shaba.

Kitabu cha wageni kina hatari yake. Unajaza jina, unakotoka, unakokwenda, namba ya chumba na simu, kisha mgeni anayefuata anasoma mstari wako wote. Simu za usiku wa manane kutoka kwa "jirani wa chumba namba 6" hutoka humo. Jaza ukweli, lakini kwa simu andika laini yako ya pili, na ukimaliza kifunge kitabu mwenyewe. Mhudumu akitaka kutaja namba ya chumba chako kwa sauti mbele za watu, mwambie akuonyeshe kwenye ufunguo.

Neti: itandaze ukiwa na mwanga, tafuta matundu, uyafunge kwa fundo au uzi. Mikoa hii ina malaria nyingi, na neti yenye tundu la ukubwa wa sarafu ni pambo tu. Umeme ukikatika feni nayo inakatika, na hapo ndipo watu hufungua dirisha na kulala nalo wazi. Lala karibu na tochi, dirisha likiwa na wavu.

Na uangalie kalenda. Oktoba hadi Desemba ni msimu wa korosho: wanunuzi, madereva wa malori na wakulima waliolipwa hujaza vyumba vya Masasi, Newala na Tandahimba, bei hupanda, na gesti zenye baa huwa na kelele na ulevi. Weka nafasi mapema, ulipe usiku mmoja kwa simu, upate ujumbe wa kuthibitisha. Anayefika saa 1 usiku wakati wa mnada bila nafasi huishia kwenye chumba ambacho asingekubali mchana.

SWALI: Mume wangu anataka nimtumie mahali nilipo muda wote kwa WhatsApp, lakini inakatika. Ni mtandao?

JIBU: Mara nyingi ni muda. Mahali mubashara ("live location") hudumu saa 8 kwa wingi, na safari yako ni zaidi ya hapo. Washa upya mnapopumzika Nangurukuru. Mtandao nao hukata kwenye mapori ya Kilwa, kwa hiyo mkubaliane mapema kwamba kimya cha saa moja si msiba, na utume ujumbe wa kawaida kila mnapopita mji: Kibiti, Nangurukuru, Lindi. Ujumbe wa kawaida hupenya pale ambapo intaneti haipenyi.

Weka namba ya siri kwenye laini yenyewe, mbali na ya simu. Mwizi akitoa laini na kuitia kwenye simu nyingine anaanza na fedha zako. Taslimu igawe mara tatu: ya nauli mfukoni, ya kulala kwenye begi, ya kurudia nyumbani ndani ya nguo. Kwa wakala, toa fedha mchana, kwenye duka lenye watu, na usitoe kiasi chote mbele ya stendi.

SWALI: Babu anasema mwanamke wa Kiislamu hasafiri bila maharimu, yaani mume au ndugu wa karibu wa kiume. Mimi nauza vitenge Lindi na mzigo naufuata mwenyewe Dar.

JIBU: Hukumu ya dini muulize shekhe wako, dada, na umueleze hali yako kamili, maana wanazuoni wenyewe wana kauli zaidi ya moja juu ya safari yenye usalama na wenza wa kuaminika. La kwetu ni hili: wafanyabiashara wanawake wa Lindi wengi husafiri kwa makundi. Watafute sokoni, mpange siku moja. Mzigo wa vitenge uandike jina na simu kwa kalamu ya wino mzito pande mbili, upige picha ukiwa unaingizwa buti, na uombe risiti ya mzigo tofauti na tiketi yako. Bila risiti hiyo, mzigo ukipotea huna pa kuanzia. Na babu akiona watatu mnaondoka pamoja, huenda akalala vizuri.

SWALI: Binti yangu wa miaka 22 anasoma Mtwara. Anataka kwenda peke yake kuona magofu ya Kilwa Kisiwani, kisha Msimbati. Nimkatalie? — Mama wa Lindi mjini

JIBU: Usimkatalie, mama. Mpe mpango.

Kilwa Kisiwani iko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981, na mtoto wa Kusini kuiona ni jambo la heri. Apande basi la asubuhi, ashuke Nangurukuru, achukue gari dogo hadi Kilwa Masoko, kama kilomita 30. Alale Masoko, mjini, siku hiyo hiyo. Kuvuka ni kesho yake asubuhi, kwa kuwa upepo huongezeka mchana, hasa majira ya kusi, Aprili hadi Septemba, na mashua hurusha maji.

Asiende moja kwa moja gatini na kupatana na kijana wa kwanza. Aanzie Masoko kwenye ofisi ya TAWA, mamlaka ya serikali inayosimamia magofu hayo, alipie kibali, apate risiti ya serikali na mwongozaji anayetambulika. Bila kibali atarudishwa, au atatozwa mara mbili. Ajue anachotaka kuona: Msikiti Mkuu na Gereza (ngome ya zamani) viko karibu karibu, lakini Husuni Kubwa, magofu ya kasri, iko mbali, kwa njia ya vichaka. Huko aende na mwongozaji, na kama kuna wageni wengine wajiunge. Kisiwani ni kijiji cha watu, si makumbusho. Afunike mabega, asalimie wazee, asipige picha za watu bila kuomba.

Maji yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua (mwezi mchanga au mpevu), boti haifiki ufukweni na abiria hutembea majini hadi magotini. Kandambili hubaki kwenye tope; viatu vya mpira vyenye mkanda nyuma ndivyo vinafaa. Simu iwe kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa.

Msimbati ni habari nyingine. Iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi, kuna kiingilio, na barabara yake ina mchanga. Ufukwe wa Ruvula ni mrefu na mtupu siku za kazi. Huko asiende peke yake. Atafute wanafunzi wenzake watatu wanne, wakodi gari kwa siku nzima, walipe nusu kwenda na nusu baada ya kurudishwa mjini, na waondoke ufukweni saa 9 alasiri. Dereva aliyelipwa yote asubuhi hana sababu ya kusubiri. Wasiendelee kuelekea vijiji vya kandokando ya Mto Ruvuma bila kuuliza kwanza polisi au ofisi ya serikali ya kijiji. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya kilishambuliwa na waasi waliotoka ng'ambo ya mto, na ulinzi mpakani ni mkali.

Na mwambie hili la mwisho kuhusu boti ya Kilwa: ahesabu maboya ya kuvaa kabla ya kuketi. Lake alivae na kulifunga, asilikalie kama mto. Kama maboya ni machache kuliko abiria, ashuke, asubiri boti nyingine.